Usiniulize rangi ya jiwe

Haipiti wiki sijatumiwa picha ya jiwe. Mchana nafundisha kemia, jioni nakaa dukani kwa ami yangu, ambaye ni sonara hapa Mji wa Kale, Mombasa. Watu wakijua hivyo, basi kila anayeokota kitu kinachong'aa Taita, Kwale au ufuoni Nyali hunitumia picha na swali: "Mwalimu, hili ni jiwe gani?" Nayapenda sana maswali haya. Shida ni kwamba picha hunionyesha rangi, na rangi ndiyo sifa inayodanganya kuliko zote.

Chukua yakuti. Yakuti nyekundu na yakuti ya samawati ni madini ya aina moja, yanaitwa korundumu: atomi mbili za aluminiamu kwa kila tatu za oksijeni. Korundumu iliyo safi kabisa haina rangi. Zikiingia chembe chache za kromiamu mahali pa aluminiamu, pengine hazifiki hata moja katika mia, jiwe linakuwa jekundu. Zikiingia chuma na titani, linageuka samawati. Mwili ni uleule, ugumu ni uleule, uzito ni uleule. Kwatzi nayo, jiwe la kawaida kabisa, huwa nyeupe, ya zambarau, ya manjano, ya waridi au ya moshi. Sasa mtu akinambia "ni la zambarau, mwalimu", amenambia nini?

Ndio maana naanzia ndani. Ili kitu kiitwe madini, wanajiolojia wanataka kiwe kimetokea chenyewe katika maumbile, kiwe kigumu si maji wala hewa, kiwe na mchanganyiko unaojulikana wa elementi, na atomi zake ziwe zimejipanga kwa mpango mmoja unaojirudia. Barafu iliyoganda yenyewe kileleni Kilimanjaro ni madini. Lulu wanaibishania, kwa sababu imefanyizwa na kiumbe hai. Aina zinazotambuliwa rasmi duniani zimepita 5,000, ingawa sehemu kubwa ya gamba la dunia ni familia chache tu, kwa sababu oksijeni na silikoni peke yake ni karibu robo tatu ya uzito wa gamba hilo.

Lile sharti la mpango ndilo ninalolishughulikia zaidi darasani, na huwa natumia chumvi. Si ile laini ya pakiti, bali ya mawe, inayokaushwa kwa jua kule Gongoni na Marereni. Mwanafunzi akitia chembe moja chini ya kioo cha kukuzia anaona mchemraba: pembe zimekaa sawa, nyuso ni bapa. Akiiponda kwa kijiko, inavunjika vipande ambavyo navyo ni michemraba midogo. Hakuna aliyeichonga. Chumvi ni sodiamu na klorini. Atomi ya sodiamu ina protoni 11 na elektroni 11, na ile elektroni ya mwisho iko peke yake kwenye ganda la nje, haishikwi sana. Klorini ina 17 na imepungukiwa na moja tu ganda lake lijae. Sodiamu inatoa, klorini inapokea, moja inabaki na chaji chanya na nyingine hasi, zinavutana. Kila sodiamu inazungukwa na klorini sita, na kila klorini na sodiamu sita: mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu, chini. Ukiendelea hivyo mamilioni kwa mamilioni, kwa kawaida unapata mchemraba. Mpango usioonekana umejionyesha kwa macho.

Kioo, kile cha chupa na dirisha, kimefanywa hasa kwa silikoni na oksijeni, elementi zilezile za kwatzi, lakini si madini. Tofauti yao nawaelezea wanafunzi hivi: katika kwatzi atomi zimesimama kama safu za swala ya Ijumaa, bega kwa bega, na ukiijua safu moja umezijua zote, katika kioo ni watu walewale baada ya salamu, kila mmoja mlangoni anatafuta viatu vyake. Kioo kiliyeyushwa kikapoa haraka, atomi hazikuwahi kujipanga. Liweke akilini hilo, litatufaa mbele.

Na kuna visa ambapo elementi ni zilezile, hesabu ni ileile, na mpango pia upo, lakini mipango ni miwili. Kaboni ikijipanga tabaka tabaka ni grafaiti, hiyo iliyomo ndani ya penseli, laini hata inaacha alama kwenye karatasi. Kaboni hiyohiyo ikishikana kila upande, kila atomi na wenzake wanne, ni almasi. Mfano ninaoupenda zaidi lakini ni wa hapa hapa kwetu. Tumbawe lililo hai baharini hujenga nyumba yake kwa kalsiamu kaboneti iliyopangwa kwa namna inayoitwa aragonaiti. Ikikaa nchi kavu ikanyeshewa na mvua karne baada ya karne, atomi hujipanga upya pole pole ikawa kalsaiti, ambayo imetulia zaidi. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa namna hiyo, matumbawe ya zamani, zaidi ya miaka 100,000, yaliyobaki juu bahari iliposhuka. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 waliijengea juu ya mwamba huo na kwa mawe hayohayo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilipoanza mwaka 1954 kilichimba jiwe hilohilo.

Kulijaribu ni rahisi. Kwangua unga kidogo wa jiwe la tumbawe, udondoshee siki au ndimu. Utaona mapovu yanapanda. Hewa ya kaboni inatoka. Dondoshea kwatzi siki hiyohiyo hata kutwa, haitatikisika. Na wazee wetu waliochoma matumbawe kwenye tanuu za chokaa walikuwa wanaifukuza hewa hiyo kwa moto. Chokaa ikitiwa maji na kupakwa ukutani, huivuta tena hewa ya kaboni kutoka angani mwaka baada ya mwaka mpaka inarudi kuwa kalsaiti. Kuta za zamani za mtaa wetu zimekuwa zikijirudisha jiwe tangu siku zilipopakwa, na mimi kila nikiona mtu anazibandua na kupaka saruji juu yake naumia, maana kazi hiyo ya miaka anaifuta kwa asubuhi moja.

Turudi kwenye kutambua. Ugumu hupimwa kwa kukwaruza. Mtaalamu wa madini Friedrich Mohs alipanga madini kumi mwaka 1812, talki mwanzo, almasi mwisho, na linalokwaruza lingine ndilo gumu zaidi. Huna haja ya kubeba yote kumi. Ukucha wako ni kama 2 na nusu, kisu cha chuma na kioo cha dirisha viko karibu 5 na nusu. Jasi inakwaruzika kwa ukucha. Kalsaiti ni 3, kisu kinaichora. Kwatzi ni 7, yenyewe ndiyo inayochora kioo. Ila tafadhali usikwaruze kito kilichokwisha kukatwa. Jaribu kwenye kipande ghafi, upande usio na thamani.

Tazama pia linavyovunjika. Ulanga unachanika karatasi karatasi. Kalsaiti inavunjika kwa nyuso zilizolala mshazari. Kwatzi haina njia ya kupasukia, inamong'oka kwa mikunjo ya mviringo ya ndani ya kombe. Yote hayo ni habari za mahali atomi zilipoushika mkono wa mwenzake kwa nguvu na mahali zilipolegeza.

Halafu kuna rangi ya unga, na hapa ami yangu ni mwalimu kuliko mimi. Rangi ya jiwe zima inadanganya, ya unga wake mara chache sana. Geuza kigae, upande wa nyuma usiopakwa kitu, usugue jiwe lako hapo. Hemataiti inaweza kuwa nyeusi au ya kijivu inayometa, lakini unga wake ni mwekundu kama kutu. Ile inayoitwa dhahabu ya wajinga, pairaiti, ni chuma na salfa. Imeng'aa manjano, imewatoa wengi jasho, ila unga wake ni mweusi wenye ukijani. Dhahabu ya kweli huacha mstari wa manjano, wa dhahabu. Masonara wamelijua hili kabla ya vitabu vya kemia. Ami ana jiwe jeusi laini alilorithi. Mtu akileta bangili, anaisugua pale unabaki mstari mwembamba, anadondosha tindikali ya naitriki juu yake kwa kijiti cha kioo, anatulia. Mstari wa shaba nyeupe unachemka kijani na kupotea. Wa dhahabu unabaki ulipo. Sijachoka kuangalia.

Kuna madini moja ambayo kina mama nawaomba wayajue kwa jina: galena, risasi na salfa. Bara ya Kilifi, Vitengeni na Kinangoni, wajiolojia wanaijua kwa muda mrefu. Ni nzuri mno, michemraba ya kijivu inayoakisi kama kioo, nzito hata ukiishika unashtuka. Ikisagwa inatoa unga laini wa kijivu cheusi, na unga huo umeuzwa kama wanja katika nchi nyingi. Si kila wanja una galena. Mwingine ni masizi tu na mafuta. Lakini huwezi kuutofautisha kwa kuutazama, na risasi inadhuru ubongo wa mtoto mchanga hata ikiwa kidogo. Mtoto anafikicha macho, halafu anatia vidole mdomoni. Mpakeni uzuri mwingine.

Sifa ninayoiamini kuliko zote ni uzito kulingana na ukubwa, yaani msongamano, kwa sababu haitegemei macho. Pima jiwe, tuseme gramu kadhaa. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi, litumbukize lining'inie katikati ya maji lisiguse chini wala ubavuni. Gramu utakazosoma ndizo sentimita za ujazo za jiwe lako. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili. Kwatzi itakupa 2.65, kalsaiti 2.7, korundumu 4, pairaiti 5, galena 7.5, dhahabu safi 19.3. Mchanga mweusi uliokuwa ukichimbwa Kwale hadi mwisho wa 2024 ulitengwa na mchanga wa kawaida kwa sababu hii hasa: ilmenaiti, rutaili na zirkoni zote zimezidi 4, kwatzi inabaki nyuma.

Siku moja aliingia kijana kutoka upande wa Mwatate na mawe mawili ya kijani kwenye kitambaa. "Shikamoo mzee." "Marahaba, karibu." Akasema ni tsavoraiti yote mawili, ameyatoa mahali pamoja. Tsavoraiti ni jamii ya ganeti, kalsiamu, aluminiamu, silikoni na oksijeni, inayopakwa kijani na vanadiamu. Mjiolojia Campbell Bridges aliiona kwanza Tanzania mwaka 1967, kisha akaipata Taita, na jina imepewa kwa Tsavo. Kwa hiyo habari ya kijana iliwezekana kabisa, na kwa macho mawe yalikuwa ndugu. Kubwa lilikuwa na kijani kilichokolea zaidi, na ndilo alilolitumainia.

Ami akanambia, "Haya mwanangu, lipime."

Lile kubwa lilikuwa gramu 18, ndani ya maji likasoma 7. Ukigawanya ni kama 2.57. Nikaligeuza chini ya lenzi, nikaona viputo viwili vya hewa, mviringo kabisa. Kioo. Chupa iliyokaa mtoni mpaka ikapoteza makali. Kijana alinyamaza. Ami akamvutia kiti na kumwagizia kahawa.

Dogo lilikuwa gramu 2.16, na mizani ya ami husoma hadi nukta mbili. Ndani ya maji: 0.60. Hiyo ni 3.6. Kioo cha kawaida hakifiki hapo, na tomalini ya kijani, ambayo nayo hupatikana Taita, huishia karibu 3.1. Nikalipitisha ubavuni mwa kipande cha kioo, likakichora mara moja. Lilikuwa na uso mmoja bapa uliong'aa, basi ami akaliweka kwenye kifaa cha kupima jinsi mwanga unavyopinda, akainama, akasoma kwa sauti: "Moja nukta saba nne." Kivuli kinachoonyesha kipimo ndani ya kifaa kilikuwa kimoja, hakikugawanyika, ndivyo ganeti inavyofanya kwa sababu mpango wa atomi zake uko sawa pande zote tatu.

Akamwandikia namba zote kwenye karatasi, uzito, msongamano, kipimo cha mwanga, akamwambia dalali yeyote akitaka kumpangia bei kwa kuangalia rangi, amwonyeshe karatasi hiyo kwanza.