Corolla KE70 si gari la mwaka 1970

Tangu marehemu baba aniachie Toyota Corolla yake, nimepokea mashauri ya kila namna, na mengi yalitokana na dhana moja: kwamba kwa kuwa inaitwa KE70, basi iliundwa mwaka 1970, na spea zake hazipatikani tena. Dalali mmoja wa Ngara alinihimiza niing'oe injini niweke ya gari la kisasa. Mwingine alitaka kuinunua kwa bei ya vyuma chakavu, tena kwa sauti ya mfadhili.

Mimi nilifungua boneti nikasoma kibati kilichoko kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Katika msimbo wa Toyota, herufi inayotangulia hutaja familia ya injini, E humaanisha Corolla, na tarakimu huonyesha kizazi. (Wanaojivunia Corolla zao za NZE hapa Nairobi wanataja injini yao kila siku bila kujua.) Corolla ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1966 ikiwa na injini ya K ya cc 1,077. Iliyotoka mwaka 1970 ni KE20. KE70 ilikuja mwaka 1979, na ndiyo saluni ya mwisho ya Corolla kusukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa sababu ile ya mwaka 1983 ilihamishia nguvu mbele.

Nilimweleza fundi haya yote, akanijibu kwamba yeye ameanza kutengeneza magari kabla sijazaliwa. Sehemu ya nyuma ilikuwa ikigonga kila tulipopita kwenye matuta, kwa hiyo alichukua pesa, akaenda Kirinyaga Road, akarudi ameridhika kabisa na bushi za springi za vyuma bapa vilivyopangwa, za aina ile iliyoko chini ya pikapu, kwani KE20 aliyowahi kuitunza ilikuwa nazo. Alitandika katoni, akajipenyeza chini ya gari, kisha kukawa kimya. Baada ya muda mkono mmoja ukatokea ukiomba tochi. Hatimaye alitoka mzimamzima, bushi zikiwa bado mkononi, akaniuliza kwa ukali ni nani aliyebadilisha springi za gari hili. Hakuna aliyebadilisha, saluni ya KE70 ilitoka kiwandani na springi za koili nyuma. Duka lilikataa kuzirudisha bushi hizo, na sasa zimo ndani ya buti.

Gasketi ya hedi, yaani kizibo chembamba kinachokaa kati ya hedi (kifuniko cha juu cha injini) na bloku, nilishughulikia mwenyewe. Muuzaji alitaka kujua cc za injini, ilhali kutu ilikuwa imekula namba iliyogongwa kwenye bloku na wino wa kitabu cha gari ulikuwa umefifia. Hedi ikiwa tayari imefunguliwa, niliazima kipimo cha venia kwa jirani anayekereza vyuma, nikapima kipenyo cha silinda: milimita 75. Fundi alishangilia mapema, lakini kipimo hicho peke yake hakisaidii, maana injini za K, 3K na 4K zote zina silinda za upana huo. Zinachotofautiana ni mwendo wa pistoni. Nilimwomba azungushe krenki kwa spana taratibu huku nikipima pistoni inapofika juu kabisa na inapofika chini kabisa, na jibu likawa milimita 73. K huenda 61, 3K huenda 66, na 4K huenda 73, yaani cc 1,290. Hesabu niliiandika kwa chaki sakafuni, na fundi akaihakiki kwa simu yake mara kadhaa.

Baada ya hapo sikutaja Corolla tena dukani. Injini za 4K ziliwekwa pia kwenye vani za LiteAce, kwa hiyo niliomba gasketi ya 4K ya LiteAce, ikaletwa bila maswali, kwa bei isiyofikia ya tairi moja jipya. Ukiuliza spea za gari kuukuu kwa jina la gari, utaambiwa hazipo au utatajiwa bei ya kukufukuza.

Lililobaki lilikuwa themostati, vali inayodhibiti maji ya kupoza injini ili joto lisiyumbe, ambayo mafundi wetu hupenda kuitoa na kuitupa eti injini ipoe. Hedi ya 4K ni ya alumini na bloku ni ya chuma; metali hizi hazitanuki kwa kiasi kimoja, na joto linalopandapanda na kushukashuka huidhuru gasketi iliyoko katikati. Nilirudisha themostati, nikasafisha rejeta, na sasa sindano ya joto hukaa palepale katikati hata nikipanda Limuru na abiria wanne.