Kusikia sauti ya mtu siku hizi hakutoshi

Hapa Kampala hela nyingi zinatembea kwa kuaminiana sauti tu, yaani shangazi anapiga toka Mbale anasema mtoto amelazwa, na wewe unatuma kwa mobail mani kabla hata hujauliza hospitali gani, maana sauti unaijua. Sasa programu za AI (akili bandia) zinaiga sauti ya mtu kwa sekunde chache tu za rekodi, na voisi noti zetu zimejaa kwenye magrupu ya WhatsApp, nani atakosa ya kuiga?

Ndo maana mtu akisema sheria za AI ni mambo ya Wazungu mi nabisha. Sheria ya Umoja wa Ulaya ilianza Agosti 2024, na inataka video au sauti bandia itajwe wazi kuwa ni bandia. Sawa, tapeli hataweka lebo (atakuwa mjinga akiweka), ila kampuni inayouza hiyo programu unaweza kuibana. Sisi tuna sheria ya data binafsi ya 2019, inakupa hata haki ya kukataa uamuzi uliofanywa na mashine peke yake, lakini nani anaijua?

Ila wasituletee tena sheria ya kufunga watu midomo, kama kile kifungu cha 25 cha sheria yetu ya matumizi mabaya ya kompyuta ambacho Mahakama ya Katiba ilikifuta Januari 2023.

Kwetu tumeweka neno la siri la kuulizana kwenye simu. Bibi analisahau kila mara, basi yeye tunamuuliza majina ya ng'ombe.