Kinyaa Changu Si Sauti ya Mungu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nilikusudia tuendelee na Zaburi tulizoanza, lakini kuna jambo limenikaa kifuani wiki nzima, acha nilitue kwanza. Wengi wenu mmeipata ile sauti iliyorekodiwa inayozungushwa simuni kwenye makundi yetu ya maombi, inayosema kwamba nyama ya maabara ni chukizo la uharibifu na kwamba atakayeionja amepokea alama ya mnyama. Kijana mmoja wa ushirika wetu, anayesomea sayansi ya chakula, aliuliza kwa heshima kabisa andiko hilo liko wapi. Watu wazima wakamjibu, mmoja baada ya mwingine, kwamba elimu imemharibu. Tangu hapo hajaandika neno.

Niseme wazi upande wangu. Sijaila nyama hiyo, na nikiiwaza ikikua ndani ya tangi la chuma, koo linafunga. Wala si mimi peke yangu. Watu wanapoulizwa katika nchi mbalimbali, wengi husema labda wangeionja mara moja. Wanaosema wangeifanya chakula chao cha kawaida ni wachache zaidi. Vijana wana utayari kuliko wazee. Wanaokataa hutaja mambo yaleyale: si ya asili, hatujui italeta madhara gani, na inatia kinyaa.

Kwa asiyeifahamu: huchukuliwa seli chache za mnyama, mara nyingine kwa kutoa kipande kidogo tu cha msuli bila kumchinja. Zinawekwa kwenye tangi lenye joto kama la mwili na kulishwa sukari, chumvi, vitamini na asidi amino, yaani vijenzi vya protini, nazo zinagawanyika na kuongezeka. Baga ya kwanza ya namna hiyo ilipikwa London tarehe 5 Agosti 2013 mbele ya waandishi wa habari. Ilikuwa kazi ya Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht, na iligharimu takriban euro 250,000. Singapore ndiyo nchi ya kwanza kuruhusu nyama hii iuzwe, mwaka 2020. Marekani ikafuata 2023, na mwaka huohuo Italia ikaipiga marufuku. Jimbo la Florida nalo likafanya hivyo 2024. Serikali zenyewe zinavutana. Sembuse sisi?

Sasa twende na Petro juu ya dari. Mnaijua habari yenyewe, Matendo 10. Saa sita mchana, njaa imemkamata, chakula bado kinaandaliwa, mara nguo kubwa inashushwa kutoka mbinguni na wanyama wa kila aina ndani yake. "Ondoka, Petro, uchinje ule." Naye anajibu, "Hasha, Bwana, kwa maana sijala kamwe kitu kilicho kichafu au najisi." Tazameni jibu hilo. Anamwita Bwana, na papo hapo anamkatalia. Tena si mara moja. Jambo hili lilitokea mara tatu. Petro hakuwa mwasi wala mtu wa dunia. Tumbo lake lilifundishwa tangu utotoni, na lilikuwa na Sheria ya Musa upande wake. Ndiyo maana lilimshinda kwa urahisi hata mbele ya sauti ya Bwana. Kinyaa chake kilivaa mavazi ya utakatifu.

Na maono yale hayakuishia kwenye nyama. Wajumbe wa Kornelio, akida wa Kirumi asiye Myahudi, walikuwa mlangoni tayari. Petro mwenyewe alipofika kwa yule akida alisema Mungu amemwonya asimwite mtu awaye yote mchafu wala najisi. Amesema mtu, wapendwa. Tukishachukia kilicho kwenye sahani, hatuchelewi kumchukia aliyeishika.

Kinachonitisha ni kwamba kinyaa hakikumtoka Petro siku ile moja. Someni Wagalatia 2. Yuleyule aliyeona maono, aliyemwona Roho akishuka nyumbani kwa Kornelio, kule Antiokia alikuwa akila na watu wa Mataifa. Walipofika Wayahudi waliotoka kwa Yakobo akawaogopa, akajitenga na meza, na Barnaba naye akachukuliwa na unafiki huo. Paulo akamkemea mbele ya wote. Mtume! Basi mimi na wewe tusijidanganye kwamba tumeshakomaa kiasi kwamba kila kinachotusisimua mwili ni Roho Mtakatifu anayetuonya. Jizuie kabla hujasema "Mungu hapendi". Jiulize ni Mungu ameandika, au ni koo lako limefunga. Una haki ya kutopenda chakula. Sema hukipendi, inatosha. Mungu hahitaji kutajwa kila mara tumbo lako linapokataa.

Hapa naomba mnisamehe, nitasema kwa ukali kidogo. Waliosambaza ile sauti, mlihakiki nini? Ndani yake inadaiwa nyama hiyo hutengenezwa kwa mili ya watu. Huo ni uongo. "Usimshuhudie jirani yako uongo" haina nyongeza inayosema isipokuwa ukiwa unapigania jambo la Bwana. Marabi na wanazuoni wa Kiislamu wamekaa kitako na swali hili: seli imetoka kwa mnyama gani, alichinjwaje, amelishwa nini. Mwaka 2023 Rabi David Lau wa Israeli alitoa uamuzi wake juu ya nyama ya ng'ombe iliyokuzwa hivyo, baada ya kuchunguza inavyotengenezwa. Sisi tulibonyeza kusambaza. Tena si kila kitokacho maabara tunakikataa: tangu 1982 ndugu zetu wenye kisukari wamekuwa wakidungwa insulini iliyotengenezwa na bakteria, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake, kama inavyotupasa.

Hata hivyo, asiyeitaka nyama hii asidharauliwe, kwa maana yapo maswali ya kweli. Baga ile ya 2013 ilikuzwa kwa kutumia majimaji yatokanayo na damu ya ndama aliye tumboni, anayetolewa mama yake anapochinjwa. Mtu aliyesoma Mwanzo 9:4 kuhusu damu, au Mithali 12:10, "Mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake," ana haki ya kusita hapo. Wapo watengenezaji walioacha majimaji hayo, na 2023 Singapore iliidhinisha nyama ya kuku iliyokuzwa bila hayo; wengine sharti waulizwe. Kuuliza si kukosa imani. Na mwenye shaka asile, kwa sababu Warumi 14:23 inasema kila tendo lisilotoka katika imani ni dhambi. Dhamiri yake ni yake, wala asilazimishwe na wajuaji kwa kuchekwa.

Ila sura hiyohiyo inatufunga wote wawili kamba moja: "Yeye alaye asimdharau yeye asiyekula, wala yeye asiyekula asimhukumu yeye alaye, kwa maana Mungu amemkubali." Kosa la alaye kwa kawaida ni dharau, la asiyekula ni hukumu. Wiki hii kwetu imetawala hukumu. Kesho, nyama hii ikizoeleka na kushuka bei, itageuka dharau, na wanaoikataa ndio watakaoitwa washamba. Mwanangu, kama unasoma hapa, uliza tena swali lako. Ushirika ambao kijana hawezi kuuliza andiko liko wapi hauwezi kumfundisha Maandiko.

Tuwaombee wafugaji wanaoogopa kwamba riziki yao itaondoka. Hofu hiyo ni ya kweli na haijibiwi kwa mstari mmoja. Tuwaombee wanaotunga sheria, na wale wanaofanya kazi machinjioni ambao hakuna anayewaulizia hali. Kwa usomaji wa wiki, chukueni Warumi 14 lakini msiishie hapo, mgawanyo wa sura umekata mazungumzo katikati. Endeleeni mpaka 15:7. Tukikutana, kila mmoja aje na mtu mmoja ambaye hajawahi kula naye kwa sababu ya kile mtu huyo anachokula.