Tovuti ikigoma kwenye kompyuta ya zamani, anza na saa

Ukipita kwenye steshenari za Mwenge, Ubungo au Mbagala, Dar es Salaam, utazikuta kompyuta za zamani bado zinapiga kazi: Dell OptiPlex 780, HP Compaq dc7900, ThinkPad za mtumba, zote na Windows 7. Kuchapa barua zinachapa, kutoa kopi zinatoa. Kasheshe huanza mteja anapotaka kujaziwa maombi ya mkopo wa chuo au kutolewa kontrol namba, ile ya kulipia huduma za serikali. Ukurasa haufunguki, na fundi anasema mashine imekufa. Mara nyingi haijafa. Kilichozeeka ni kivinjari, na wakati mwingine ni betri tu.

Angalia kwanza ukurasa unagoma vipi, maana kila mgomo una ugonjwa wake.

Likija onyo la tarehe, lile la NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, usiguse kivinjari. Kila tovuti yenye kufuli ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kivinjari hukilinganisha na saa ya kompyuta. Saa ikirudi nyuma miaka kumi, vyeti vyote vinaonekana havijaanza kutumika. Chanzo huwa ni betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu iliyo kwenye ubao mama. Mpya hupima volti 3 au zaidi kidogo; mita ikisoma chini ya 2.7, badilisha. Kabla hujaitoa, ingia kwenye BIOS, mipangilio ya ubao mama (bonyeza F2 inapowaka kwa OptiPlex, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad), uandike pembeni kama diski iko kwenye AHCI au IDE, namna mbili za kuzungumza na diski. Mipangilio ikirudi ya kiwandani na hicho kikabadilika, Windows itawaka na kuanguka kwenye kioo cha bluu chenye 0x0000007B, nawe utadhani umeharibu diski.

Kuna mtego wa pili kwenye saa, na wengi wanaupita. Windows iliyopigwa haraka haraka hubaki na majira ya pwani ya magharibi ya Marekani. Mtu anarekebisha saa kwa mkono mpaka ilingane na ya ukutani, anaridhika. Ndani, kompyuta imetangulia kwa saa 10 au 11. Cheti kilichobakiza saa chache kuisha kitakataliwa, na zile namba za siri zinazobadilika kila sekunde 30, zikitengenezwa kwenye kompyuta hiyo, hazitakubali kamwe. Chagua majira ya Nairobi, UTC+03:00, ndipo urekebishe saa. (Na wapo wanaoandika 2:00 kwa sababu ni saa mbili asubuhi. Kompyuta haijui Kiswahili cha saa, andika 8:00.)

Mgomo wa pili ni muunganisho salama kushindikana. Hapo kivinjari na seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, wamekosa itifaki ya pamoja, ile lugha ya usalama iitwayo TLS. Internet Explorer 8 ya Windows XP inaishia TLS 1.0, ilhali tovuti za leo zinataka 1.2 au 1.3. Ndugu yake ni ule ujumbe kwamba mtoa cheti hajulikani. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama (kinachothibitisha vyeti vingine) kiitwacho DST Root CA X3, kilichokuwa kikitegemewa na tovuti nyingi zenye vyeti vya bure vya Let's Encrypt, kiliisha muda. Chrome 49, ya mwisho kwa XP, husoma vyeti mama kutoka ghala la Windows, na ghala la XP halina cheti mama kipya kilichochukua nafasi yake. Firefox 52, nayo ya mwisho kwa XP, hubeba ghala lake yenyewe. Ndiyo maana kwenye mashine moja tovuti ileile hufunguka huku na kugoma kule.

Wa tatu ndio unaopotezea watu muda: ukurasa mweupe, au fomu inayoonekana vizuri lakini kitufe cha kutuma hakifanyi kitu. Hakuna onyo lolote. Tovuti imeandikwa kwa JavaScript, lugha inayoendesha kurasa, ya toleo jipya kuliko kivinjari. Alama ndogo kama ?. ilianza kueleweka kwenye Chrome 80 na Firefox 74, mwaka 2020. Kivinjari cha zamani kikikutana nayo mahali pamoja tu, faili zima la msimbo linatupwa. Hapa kufuta historia hakusaidii, na kuongeza bando hakusaidii. Kubadilisha jina ambalo kivinjari hujitambulisha kwalo husaidia pale tu tovuti inapokukataa kwa jina. Hakukupi uwezo usiokuwa nao.

Kwa Windows 7, Chrome iliishia toleo la 109, Januari 2023. Weka Firefox 115 ESR, toleo la kuhudumiwa kwa muda mrefu, ambayo Mozilla imesogeza mbele zaidi ya mara moja mwisho wa kuihudumia. Ni vizuri Windows yako iwe na Service Pack 1, kifurushi cha marekebisho; bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, uone kama ipo. Hakikisha ni 115.13 au zaidi, kwa kuwa chini ya hapo cheti cha ndani kiliisha tarehe 14 Machi 2025 na viongezi vinazimika. Kwa XP kuna kivinjari kiitwacho Supermium, kinachofungua kurasa nyingi za leo, ila ni kufuli jipya kwenye mlango ulioliwa na mchwa. Windows 7 nayo haijapata marekebisho ya bure tangu tarehe 14 Januari 2020. Kusoma habari, sawa. Kuingiza nywila ya mteja au kufungua akaunti ya benki, hapana.

Kupiga Windows 10 kwenye mashine hizi sikushauri tena: huduma yake ya kawaida ilifungwa tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 ya 24H2 haiwaki kabisa kwenye Core 2 Duo, maana prosesa hiyo haina SSE4.2, amri ambazo Windows hiyo inazihitaji. Inabaki Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na kwa steshenari Linux Mint 22 Xfce inatosha. Inahudumiwa hadi 2029 na inataka RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndiyo raha. Lazima prosesa iwe ya biti 64: Core 2 Duo zote ni hivyo, Core Duo isiyo na 2 na Atom N270 si hivyo, hata ukiwa na RAM.

Shusha faili la ISO (nakala ya kupakia mfumo) kwa bando la usiku, linakaribia GB 3, kisha chukua flashi ya GB 8. Kama unaiandika kutoka Windows 7, tumia Rufus 3.22, programu ya kuandika ISO kwenye flashi, kwani 4.0 na kuendelea zinataka Windows 8. Chagua MBR, washa mashine kwa F12 kwenye Dell na ThinkPad au F9 kwenye HP, na uijaribu kwanza bila kuipakia: sauti, Wi-Fi, printa. Wi-Fi ya Broadcom isipoonekana, chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushirikisha intaneti, ufungue msimamizi wa draiva.

Diski yenye Windows usiifute. Ichomoe, iweke kabatini na nyaraka zake zote, uchomeke SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya GB 120 na kupakia Linux humo. Ndani ya kasha la desktopu unaweza kuibandika kwa gundi ya pande mbili, haina kinachozunguka. RAM ndiyo inayohitaji macho. dc7900 hutumia DDR2, OptiPlex 780 hutumia DDR3, na pengo la katikati ya kadi haliko mahali pamoja, kwa hiyo usilazimishe. Ukiuziwa Kariakoo kadi ya DDR2 ya GB 4 kwa bei ya kutupa, soma lebo: nyingi ni za bodi za AMD tu, na kwenye Intel mashine italia bila kuwaka.

Faida moja inaonekana siku ya kwanza. Flashi za wateja zenye virusi vya shotikati, vile vinavyoficha mafolda, Linux huzionyesha na mafolda yake yote, kwa sababu haijali alama ya kuficha ya Windows. Kwenye Windows ungelazimika kuandika attrib -s -h -r /s /d F:\*.* ndipo yarudi, F ikiwa ni herufi ya flashi.

Printa ndizo zinazoamua. HP LaserJet 1020 hupoteza programu yake ya ndani kila inapozimwa, hivyo inahitaji kiongezi cha HPLIP, programu ya printa za HP kwenye Linux: fungua teminali, andika hp-plugin, kubali masharti, uzime na kuwasha printa. Canon LBP2900 ni mzigo mwingine, draiva yake ya CAPT inasumbua sana kwenye Linux. Ukiwa nayo, iachie kompyuta moja ya Windows 7 isiyo na waya wa mtandao, na kazi zipelekwe pale kwa flashi zikiwa PDF.