Kangaja wa Milimani

Madoa yalionekana Jumanne usiku, na kufikia Ijumaa yalikuwa yametoweka. Mjomba akanipigia simu akiwa mwenye furaha: samaki wake, yule kangaja wa buluu, amepona bila dawa, nisihangaike kuja. Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye matatu ya Milimani.

Hiyo ilikuwa Julai 2021, Nakuru ikiwa bado haijapewa hadhi ya jiji. Tangi la Mjomba lilikuwa la lita 400, lenye mawe ya bahari, matumbawe laini, kamba wawili, konokono na samaki wadogo wawili waitwao nemo. Huyo kangaja, Acanthurus leucosternon kwa jina la kitaalamu, alikuwa ameletwa kutoka pwani na kutiwa humo siku hiyo hiyo alipofika. Kati ya samaki wanaofugwa majumbani, ni wachache wanaopata ugonjwa wa madoa meupe upesi kama huyu. Yeye ndiye wa mwisho ambaye ningemtia tangini bila karantini.

Ugonjwa wenyewe huletwa na kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Kinakaa ndani ya ngozi na matamvua ya samaki kwa siku 3 hadi 7, kikila na kunenepa. Lile doa linaloonekana ni kimelea kinachokaribia kushiba. Kikishiba hudondoka, aghalabu gizani kabla ya mapambazuko, kikashika mchanga, jiwe au kioo na kujifunga ndani ya kifuko. Humo kinagawanyika. Kifuko kimoja huweza kutoa watoto mia mbili na zaidi, nao wana siku moja au mbili tu za kumpata samaki, la sivyo wafe. Kwa hiyo ngozi safi ya Ijumaa ilimaanisha kwamba vimelea vimeshahamia mchangani.

Kabla ya jambo lolote nilizima taa na kummulika kangaja kwa tochi kutoka ubavuni. Kuna ugonjwa mwingine, wa Amyloodinium, ambao huacha unga mwembamba kama vumbi la dhahabu, samaki akahema kwa kasi na kukaa mbele ya mkondo wa pampu, na mara nyingi akafa ndani ya siku chache. Yale mabaki niliyoyaona kwenye mapezi yalikuwa punje nzima nzima, zilizotengana. Tulikuwa na muda, ingawa si mwingi.

Dawa ya kimelea hicho ni shaba, na Mjomba alikuwa ameshanunua pakiti ya mrututu, yaani salfeti ya shaba, katika duka la agrovet. "Huu tulikuwa tukipulizia nyanya, mpwa wangu. Kijiko kimoja tu, tumalize kazi."

"Hapana, Mjomba. Hesabu kwanza."

Kijiko cha chai ni kama gramu 5. Robo ya uzito wa mrututu ni shaba. Ukikimwaga katika lita 400 unapata zaidi ya miligramu 3 za shaba kwa kila lita, na kiwango cha tiba ni kati ya 0.15 na 0.20. Huko ni kuua kila kilichomo. Hata kwa kipimo sahihi, shaba huua kamba, konokono na matumbawe, na yale mawe ya chokaa huinyonya kisha yakaiachia kidogo kidogo baadaye. Tangi lenye mawe halitiwi shaba. Samaki ndio wanaotolewa.

Tukaweka tangi tupu la lita 120 chumba kingine kabisa, maana matone yanayorushwa na viputo vya hewa yanaweza kubeba vimelea. Hakuna mchanga wala jiwe: vipande vya paipu ya PVC ya inchi 3 vya kujifichia, sponji ya kuchujia maji inayoendeshwa na hewa, hita na kipimajoto. Maji tuliyapima kwa ndoo ya lita 20, ndoo tano, ili tujue bila kukisia kwamba ni lita 100. Chumvi ya bahari ya kutengenezea ilikwenda kilo 3.6 hivi, katika maji yaliyochujwa kwa mashine. (Wageni wa Mjomba hawakuacha kuuliza kwa nini hatuchoti Ziwa Nakuru, nalo lina chumvi. Lina magadi, na pH yake, kipimo cha uchachu au ubesi wa maji, inafika 10. Samaki wa bahari anataka 8.2.)

Mrututu wa agrovet ulirudi stoo. Tulitumia ule safi wa maabara, gramu 1 iliyoyeyushwa katika mililita 254 za maji yasiyo na madini. Kwa hesabu hiyo kila mililita moja ina miligramu moja ya shaba, na lita 100 zinahitaji mililita 20 kufikia 0.20. Tulizitia mara nne, mililita 5 kila baada ya saa kumi na mbili. Ukizitia kwa mpigo mmoja samaki hugoma kula. Shaba hiyo haikai: huungana na kaboneti ya maji na kuzama chini, kwa hiyo ilipimwa asubuhi na jioni kwa vipimo vya rangi na kuongezwa pale iliposhuka. Chini ya 0.15 kwa siku moja tu, hesabu inaanza upya, kwa kuwa shaba haikiui kimelea kilicho ndani ya ngozi wala kilicho kifukoni. Inaua wale watoto wanapotoka kuogelea. Ndiyo sababu tiba ni siku 30, hata kama samaki anang'aa siku ya tano.

Amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, ndiyo iliyotusumbua. Sponji ilikuwa mpya, bakteria wake wa kuila hawajajijenga, na shaba huwachelewesha zaidi. Nemo wakaanza kuhema. Dawa za chupa za kufunga amonia hatukuzigusa, kwa kuwa baadhi yake zikikutana na shaba huigeuza kuwa kali zaidi. Tulibadilisha maji lita 20 kila mara, na kila ndoo iliyoingia ilishatiwa mililita 4 za shaba ikiwa bado nje, isije ikapunguza kiwango.

Kisha stima zikapotea usiku, wakati wa kafyu ya korona. Kule juu Nakuru, karibu mita 1850, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Maji ya bahari ya nyuzi 25 ambayo huko Mombasa yangebeba miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita, hapa yanabeba kama 5.4. Pampu ya hewa ikizimika, sponji nayo inakufa. Mjomba alikuwa na pampu ya betri anayoitumia kuvulia Naivasha. Ikahudumu mpaka alfajiri, nasi tukalizungushia tangi blanketi ili joto lisishuke, maana Julai ya huko haina huruma.

Nemo mmoja alikufa hata hivyo. Matamvua yake yalikuwa yamejaa utelezi mweupe, na nadhani alikuwa ameumia tangu kabla hatujaanza.

Kangaja alikuwa bado anajikuna kwenye paipu shaba ikiwa imara. Tukamtumbukiza dakika 5 katika maji matamu ya joto na pH ileile, na minyoo bapa ikamdondoka, myeupe, mithili ya vijipande vya kucha. Shaba haiwafanyi kitu hao. Dawa yao ni praziquantel, ileile ya kichocho, miligramu 2.5 kwa lita: chini kidogo ya nusu ya kidonge cha miligramu 600 kwa lita 100, kikisagwa hadi unga na kukorogwa kwa muda mrefu, kwani hakiyeyuki kwa hiari. Maji huwa na ukungu na bakteria hula oksijeni, kwa hiyo tuliongeza kijiwe cha pili cha kutolea viputo vya hewa. Siku ya saba tukarudia, kwa ajili ya minyoo iliyoanguliwa, maana mayai hayafi.

Kule sebuleni tangi kubwa lilibaki bila samaki hata mmoja kwa siku 76. Mjomba alilalamika kwamba anatazama mawe. Vifuko vingi hupasuka mapema zaidi, lakini kumewahi kuonekana vilivyochelewa hadi siku 72, na sikutaka kubahatisha kwa wiki chache. Kamba walitupiwa chakula kidogo, ili nao bakteria wa kwenye mawe wasikose kazi. Wavu, ndoo na mpira wa kunyonyea maji havikuvuka mlango kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Shaba ilipokwisha kazi tuliiondoa kwa mkaa wa kuchujia na maji mapya, kisha samaki wakakaa humo bila dawa, wakitazamwa. Siku ya kurudi alitangulia nemo. Kangaja alifuata siku tatu baadaye, kwa sababu huyo akitangulia hujimilikisha tangi zima. Hita na paipu vilioshwa kwa dawa ya klorini na kuanikwa juani. Sponji niliitupa, kwa kuwa iliyolowa shaba hairudi kwenye nyumba yenye kamba.