Sisubiri gari zima liingie kwenye picha

Kwenye maonyesho ya magari ya zamani wengi hurudi nyuma ili gari lote lionekane. Mimi nasogea hadi lenzi inakaribia kugusa bodi. Leo nimekaa muda mrefu na Cadillac ya 1959, tena upande wa nyuma tu: yale mapezi marefu, kila moja na taa zake mbili nyekundu zilizochongoka kama risasi. Raha tupu!

Kazi ngumu ni kromu, yaani zile sehemu za chuma zinazong'aa kama kioo. Inaakisi kila kitu: anga, watu, hata mimi na kamera yangu. Filta ya polaraiza, kioo kinachofungwa mbele ya lenzi kupunguza mng'ao, husaidia kwenye vioo na rangi, lakini kwenye chuma kitupu haifui dafu. Dawa ni kubadilisha pembe, kutafuta kivuli au kuombea mawingu. Na kwa ukaribu ule nalipunguza tundu la lenzi hadi f/11 ili eneo kubwa zaidi lionekane vizuri, la sivyo herufi moja ya nembo inaonekana vizuri na inayofuata imefifia.

Halafu mikwaruzo. Jamani, msiifute kwenye kompyuta! Ngozi ya usukani iliyopasuka, rangi iliyopauka pale mlango uliposhikwa miaka nenda miaka rudi, hivyo ndivyo ninavyovifuata. Picha niliyoipenda kuliko zote leo ni ya kitasa tu.