Wiki ya kwanza hakuna kugusa kompyuta

Jamani nimekuwa kimya kidogo, pale maktaba tumepokea watumishi wapya watatu na kazi ya kuwafundisha nimepewa mimi, kwa hiyo siku hizi nikirudi nyumbani ni kuoga na kulala. Wawili wametoka chuo moja kwa moja, mmoja kahamishwa kutoka masijala, na siku ya kwanza wote waliniuliza kitu kilekile, dada tunaanza lini Koha? Koha ndo programu ya kuorodhesha na kuazimisha vitabu tunayotumia kazini, ya bure, walianza kuitengeneza New Zealand mwaka 1999 na saa hizi imeenea dunia nzima mpaka huku kwetu, na mi naipenda kwa kweli. Ila kwangu wiki ya kwanza hakuna kugusa kompyuta. Ni rafu za vitabu tu.

Niwaambie kwa nini. Mwaka juzi kuna kijana wa form six alikuja mara tatu kutafuta kitabu kimoja cha historia, mara zote tatu tukaangalia kwenye mashine tukamjibu kipo, hakijaazimwa, hebu katafute vizuri. Akatafuta akachoka akaacha kuja. Tulikuja kukiona Disemba tukiwa tunahesabu vitabu, kimekaa zake kwenye 697 kati ya vitabu vya ujenzi wakati namba yake ni 967, yaani aliyekirudisha aligeuza tarakimu mbili tu na yule kijana mtihani alishafanya tangu Mei. Lile jambo liliniuma na bado linaniuma. Kitabu kilichoibiwa angalau mwisho wa siku utajua hakipo utatafuta kingine, ila kilichorudishwa pasipo pake kinakudanganya kila siku kwamba kipo.

Basi tunaanza na namba. Huu mfumo wa Dewey, wa kupanga vitabu kwa namba kufuata mada, ni wa mwaka 1876, Melvil Dewey wa Marekani aligawa maarifa yote mafungu kumi kuanzia 000 mpaka 999, halafu baada ya nukta ndo unazidi kuchambua. Kwenye 967 ndo tuko sisi na majirani, Uganda 967.61, Kenya 967.62, Tanzania 967.8, Zanzibar 967.81. Na hapo ndipo kila mgeni anakwama. Yule binti mdogo kuliko wote kaweka Tanzania mbele ya Kenya, nikamuuliza mbona hivi, akanijibu "Dada, si 62 ni kubwa kuliko 8?" Nikachukua karatasi nikamwandikia 0.62 na chini yake 0.80, nikamwambia haya mdogo wangu nisomee tena. Akaangalia, akacheka, akaenda kupanga upya rafu nzima bila kuambiwa. Tangu siku ile nawapa toroli la vitabu arobaini vimechanganywa, panga, nikikuta kimoja hakiko pake tunavichanganya tena tunaanza moja.

Kingine ambacho lazima wakijue mapema ni kwamba Kiswahili chetu kimekaa sehemu mbili. Lugha yenyewe, sarufi na mambo hayo, iko 496.392, ila riwaya na mashairi yako 896.392, kule mwisho kabisa wa ukumbi. Mama akikuuliza vitabu vya Kiswahili viko wapi usimnyooshee kidole, muulize kwanza anataka cha kusoma hadithi au mtoto kapewa homuweki ya ngeli, vinginevyo utamtembeza ukumbi mzima bure. Na kwa sisi wa pwani kuna 297, dini nzima ya Kiislamu imepewa namba hiyo moja wakati Ukristo umetandazwa kuanzia 220 mpaka 280 na kitu, kwa hiyo rafu yetu ya 297 imejaa na lebo zake zina nukta ndefu mpaka mgongo wa kitabu hautoshi. Pale nawaambia someni lebo mpaka tarakimu ya mwisho, msiishie katikati.

Usajili haukuchukua muda, walishika haraka. Kila nakala inapewa namba yake kwenye daftari kwa kufuata ilivyoingia, nakala tano za kitabu kimoja zina namba tano, na namba ya kitabu kilichokufa hapewi mwingine. Mhuri ukurasa wa jina, mhuri mwingine ule ukurasa wa siri tunaoujua sisi, maana mwizi anachana ukurasa wa mbele akidhani kamaliza. Na selotepu kwenye kitabu kilichochanika marufuku, baada ya miaka michache inageuka njano inakula karatasi.

Sasa kupalilia. Hapa ndo tumekaa siku tatu nzima, kwa sababu watu wetu wanaona kutoa kitabu kwenye rafu ni kama dhambi, na mi nawaelewa, tumekulia shule ambazo kitabu kimoja kinasomwa na watu kumi. Lakini nikawatolea atlasi moja ya shule, imepigwa chapa vizuri, jalada zima kabisa. Nikamwambia yule wa kutoka Geita nionyeshe mkoa wenu. Katafuta, hakuna. Mkoa wa Geita umeanza 2012 pamoja na Katavi, Njombe na Simiyu, na Songwe ukaja 2016, na humo kwenye atlasi Sudan bado ni nchi moja wakati waligawanyika 2011. Mtoto wa darasa la tano akikopi hiyo kwenye daftari anakosa mtihani, na tuliyemkosesha ni sisi. Kitabu cha hivyo kinatoka, ila kinatoka kwa utaratibu, ni mali ya umma, kinaandikwa, kinafutwa kwenye daftari na kwenye mashine, huwezi tu kukibeba kikafungie vitumbua.

Siku ya tatu yule kaka wa masijala alikuwa na lundo lake la kuondoa, nikapitia moja moja. Katikati nikakuta kijitabu chembamba hakina jalada, Kiswahili cha zamani, kinaeleza habari za ushirika wa wavuvi wa hapahapa wilayani kwetu, mhuri wa mwisho wa kuazimwa ni 1988. Kwa sheria zote nilizowafundisha kilistahili kutoka, kimechakaa na hakuna anayekiazima. Nikamuuliza, hiki tukikitupa kesho mtu akikihitaji atakipata wapi kingine? Akanyamaza, akakishika upya kwa mikono miwili, akaanza kuniambia kuna jina la mzee mmoja humo ndani anamfahamu, ni babu wa jirani yao.

Tumekiweka kwenye bahasha safi, kwenye kabati la vitabu vya hapa kwetu, cha kusomea humohumo. Kwenye Koha hakimo, hakijawahi kuingizwa. Jumatatu ndo wanaanza kompyuta, na nimemwambia yeye ndo ataanza, na rekodi ya kwanza kuingiza ni hiyo.